Mzee Asiyeweza Kusema na Maumivu Yake: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Familia za Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Somo hili linamhusu mgonjwa asiyeweza kujibu swali la kwanza tunalomwuliza kila mgonjwa: unaumwa wapi? Ni mzee mwenye demensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa ubongo ambao mara nyingi huondoa kumbukumbu kwanza, kisha uamuzi, kisha maneno, mpaka mtu aliyekuwa msemaji wa ukoo anabaki na sauti tu. Limeandikwa kwa ajili ya wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na zaidi kwa watoto, wakwe na wajukuu wanaowatunza wazee hao nyumbani. Mifano yake imetoka katika milima ya Umatengo na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, ingawa msomaji wa Hai au wa Pemba atawaona wazee wake humu humu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa tabibu kijana katika kituo kimoja cha afya, aliletwa kwangu mzee wa miaka zaidi ya 80 kutoka kijiji cha kando ya ziwa. Mkwewe aliyemleta alisema: "Daktari, baba amekuwa mkali. Anampiga anayemwogesha, usiku anapiga kelele, na wiki mbili sasa hataki kutembea." Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nilimpima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, vyote vikawa vya kawaida. Nilimbonyeza tumbo akiwa amelala, hakutoa sauti. Nikaandika kwamba ana ukali utokanao na demensia, nikampa dawa ya kutuliza akili. Alitulia. Familia ilishukuru, nami nikauhesabu ukimya ule kuwa nafuu.

Siku ya 9 alirudishwa akiwa na kidonda cha mgandamizo mwisho wa uti wa mgongo, hali wala hanywi. Safari hii alikuja naye mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 17 hivi, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha. Nilipomwuliza juu ya zile kelele alijibu bila kusita: "Babu hapigi kelele ovyo. Anapiga nikimnyanyua mguu wa kushoto." Nilifunua shuka nikautazama mguu, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza. Ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na wayo umegeukia nje. Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika, na kwa maelezo ya kijana ilikuwa imevunjika kabla mzee hajaletwa kwangu mara ya kwanza.

Dalili za nyonga iliyovunjika nilikuwa nazijua, kama kila tabibu anavyozijua. Nilikosea kwa kuupa ugonjwa jina kabla ya kumtazama mgonjwa, na kwa kumwuliza mtu ambaye hamwogeshi. Jambo hili la pili tutalirudia, kwa kuwa katika nyumba zetu lina uzito wake.

Je, ubongo unaosahau husahau kuumwa?

Wapo watu, na wataalamu miongoni mwao, wanaodhani kwamba demensia humpunguzia mzee maumivu: kwamba asiyejua jina la mwanawe hajui pia kuwa goti linamwuma. Dhana hii haina msingi. Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha uchunguzi ambamo waliwabonyeza kucha za dole gumba wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer na wazee wasio nao, huku wakizipiga picha kazi za ubongo. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu ziliamka kwa makundi yote mawili, na kwa wagonjwa hazikuamka kwa udhaifu kuliko kwa wenzao.

Kinachopotea ni yale yanayoyazunguka maumivu. Mimi nikijigonga kidole najua nimejigonga, najua kitapoa, na najua parasetamoli ilipo. Mzee mwenye demensia iliyokomaa anaumwa bila sababu, bila jana na bila kesho. Hakumbuki kwamba jana alipogeuzwa aliumia na baadaye akapata ahueni. Kila mkono unaomgusa unakuja na maumivu mapya, na mwenye mkono ule ni mgeni kwake. Katika hali hiyo, kumpiga anayekuogesha si ukorofi wala si wazimu.

Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilipotoa upya fasili ya maumivu mwaka 2020 kilieleza wazi kwamba maneno ni njia mojawapo tu ya kuonyesha maumivu, na kwamba kutoweza kujieleza hakumaanishi kwamba mtu haumwi. Hata hivyo mazoea ni magumu. Huko New York, wachunguzi waliolinganisha wagonjwa waliovunjika nyonga walichapisha matokeo yao mwaka 2000: wenye demensia kali walikuwa wakipata takriban theluthi moja tu ya dawa za jamii ya mofini waliyopata wenzao wenye akili timamu. Mfupa ulikuwa ule ule na mvunjiko ule ule. Tofauti ni kwamba wengine waliweza kuomba.

Mhudumu azingatie pia kwamba mapigo ya moyo na shinikizo la damu si mashahidi wa kutegemewa hapa. Kwa wagonjwa hawa vipimo hivyo vinaweza kubaki vilevile maumivu yakiwa makali. Mimi vilinidanganya.

Asiyesema, au asiyesema Kiswahili?

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya maumivu. Kichwa hugonga, jino hufukuta, tumbo hunyonga, mbavu huwa na kichomi, mguu huwaka moto au hufa ganzi. Tabibu hodari husikia neno moja akajua pa kuanzia. Demensia huyaondoa maneno haya, lakini kwa kawaida huanza na yale yaliyojifunzwa baadaye. Mzee wa Umatengo aliyejifunza Kiswahili shuleni au kazini anaweza kukipoteza na kubaki na Kimatengo cha mama yake. Wa mwambaoni akabaki na Kinyasa au Kimpoto. Muuguzi aliyehamishiwa Mbinga kutoka Mwanza au Tanga husikia "sauti zisizo na maana" na kuandika katika faili kwamba mgonjwa haongei. Kumbe mgonjwa anaongea. Anasema goti, anasema maji, anasema jina la marehemu mkewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "haongei", mtafute mtu wa rika la kati anayeijua lugha ya nyumbani kwake, akae karibu na kichwa cha mzee, amwite kwa jina alilozoea kuitwa, na amwulize kwa maneno machache sana, huku akiigusa sehemu moja moja: "Hapa?" Wazee wengi ambao hawawezi kueleza maumivu yao bado wanaweza kuitikia ndiyo au siyo, kwa kichwa au kwa macho. Mpe muda. Ubongo uliochoka unaweza kuhitaji nusu dakika kulipokea swali, na sisi kwa kawaida tunasubiri sekunde tatu.

Kuna pia wale ambao maneno wanayo na hawayatumii. Hiki ni kizazi kilicholima ngoro kwenye miteremko ya Litembo, kikabeba kahawa na kuni kwa kichwa, na kufundishwa kwamba mtu mzima halalamiki. Bibi wa namna hiyo akiulizwa "Unaumwa, bibi?" atajibu "Sijambo, mwanangu" huku amekunja ndita. Ziamini ndita.

Nani anamwogesha?

Swali hili ningetaka liandikwe ukutani katika kila chumba cha tabibu. Katika nyumba nyingi za kwetu, mkwe hawezi kumwona baba mkwe utupu wake, wala mtoto wa kiume mama yake. Kwa hiyo kazi ya kuogesha humwangukia mjukuu, mtoto wa jinsia moja na mzee, au jirani. Lakini anayepanda gari na mgonjwa kwenda hospitali ni mwenye nauli na mwenye kauli. Matokeo yake ni kwamba anayejua maumivu yalipo hubaki nyumbani, na anayeyaeleza kwa tabibu ni mtu ambaye hajawahi kuuona mwili wa mgonjwa. Kama mwogeshaji hakuja, mpigie simu. Mazungumzo ya dakika mbili yatakusaidia kuliko vipimo vingi.

Mwulize hivi: ni wakati gani anaanza kelele? Unaposhika wapi? Zamani alikuwaje, mpole au mkali, mwenye kuimba au mkimya? Nini kimebadilika mwezi huu? Neno "kubadilika" ndilo kiini. Bibi aliyekuwa akizunguka uani siku nzima ameketi. Babu aliyekuwa akiketi sasa anazunguka bila kituo. Aliyekuwa akila ugali wa muhogo na usipa sasa anashika tonge na kuliacha. Aliyekuwa akilala usiku kucha sasa anakesha. Kila badiliko la namna hii lichukuliwe kuwa huenda ni maumivu, mpaka tulipochunguza tukaona sivyo. Ikiwa badiliko limekuja ghafla, ndani ya saa au siku chache, basi fikiria pia kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na maambukizi, upungufu wa maji, sukari ya juu au ya chini, au dawa mpya. Mwambaoni, kipimo cha haraka cha malaria kisisahauliwe.

Niseme neno kwa familia. Kilio cha usiku cha mzee kimewahi kuitwa uchawi, mizimu, laana na hata hila ya kutaka kusumbua wakwe. Wengine wamefungiwa chumbani, wengine wamefungwa kamba. Sijakutana bado na mzee aliyepiga kelele kwa hila. Nimekutana na waliokuwa na kibofu kilichojaa.

Mtazame anapotembezwa, si anapolala

Maumivu ya wazee kwa sehemu kubwa ni ya mifupa, viungo na misuli, na haya hujificha mwili ukitulia. Ndiyo maana mzee niliyemchunguza akiwa amelala chali alionekana hana tatizo. Bergen, nchini Norwei, wataalamu wametunga njia ya kumtazama mgonjwa anapofanya miendo mitano kwa kusaidiwa. Miendo hiyo haihitaji kifaa chochote na inafanyika nyumbani wakati wa kuoga au kuvaa. Mfungue viganja, kimoja kimoja. Mnyanyue mikono kuelekea kichwani. Mkunje na kumnyoosha magoti na nyonga. Mgeuze upande huu na upande ule. Mwishowe mketishe ukingoni mwa kitanda. Fanya taratibu, mweleze kila hatua hata kama unadhani haelewi, na uutazame uso wake na siyo kiungo unachokishika. Uso ukikunjamana, simama hapo. Usilazimishe mwendo kwa kutaka uhakika.

Ili tunachokiona asubuhi tuweze kukilinganisha na cha jioni, na anachokiona muuguzi wa zamu kilingane na cha mwenzake, tunahitaji namba. Kipimo kinachofaa kwa mazingira yetu ni kile kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa mwaka 2003 na Victoria Warden, Ann Hurley na Ladislav Volicer, waliokuwa wakiwahudumia wanajeshi wastaafu huko Bedford, Massachusetts. Mhudumu humtazama mgonjwa kwa dakika 5 na kutoa alama 0, 1 au 2 katika mambo matano. Nayaeleza hapa kwa maneno ya kufundishia.

La kwanza ni kupumua: pumzi ya kawaida ni 0; ya shida mara moja moja au kuhema kwa muda mfupi ni 1; yenye kelele na kuhema kwa muda mrefu ni 2. La pili ni sauti: kimya au mazungumzo ya kawaida ni 0, kuguna mara moja moja na kunung'unika ni 1, kugumia kwa nguvu, kulia, au kuita tena na tena kwa mashaka ni 2. La tatu ni uso: mtulivu 0, wenye huzuni, hofu au ndita 1, uliokunjamana wote 2. La nne ni mwili: uliolegea 0, wenye wasiwasi, kupapasapapasa au kutembea huku na huku 1, mgumu, ngumi zimefumbwa, magoti yamevutwa juu, au kusukuma na kupiga 2. La tano ni kufarijika: asiyehitaji kufarijiwa 0, anayetulia akisemeshwa au akishikwa mkono 1, asiyetulizika 2. Jumla ya juu ni 10. Kwa desturi alama 1 hadi 3 huhesabiwa maumivu madogo, 4 hadi 6 ya kati, 7 hadi 10 makali.

Mzee wangu angepata 1 akiwa amelala na 8 akigeuzwa. Andika alama zote mbili, ya utulivu na ya mwendo, kwa sababu ya kwanza peke yake hupotosha. Nao msomaji asikifanye kipimo hiki kuwa hakimu. Njaa, hofu, nguo mbichi na baridi ya Juni ya Mbinga vyote vinaweza kuleta alama 4. Alama inatuambia tuanze kutafuta.

Kutafuta kuanzia utosini hadi unyayoni

Tafuta ukiwa na mwanga wa kutosha na nguo zimetolewa kwa staha. Anza na kinywa. Kinywa cha mzee asiyesema hakifunguliwi na mtu kwa miezi, na humo huwa mna jino lililooza, jipu la fizi au utando mweupe wa fangasi. Anayekataa chakula cha moto lakini akapokea maji ya baridi amekwisha kukueleza. Tazama macho: jicho jekundu, gumu, lenye maumivu laweza kuwa presha ya jicho. Jekundu lisikutoshe kuwa "moshi wa jikoni". Pitisha kidole masikioni. Angalia ngozi ya kifua na mgongo kama kuna malengelenge ya mkanda wa jeshi, ambao maumivu yake hubaki miezi baada ya malengelenge kukauka.

Tumbo lina mitego miwili. Wa kwanza ni mkojo uliozuiliwa, hasa kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua. Mzee anaonekana analowesha nguo kila saa, na familia inasema mkojo unatoka vizuri. Kumbe ni matone yanayofurika kutoka katika kibofu kilichojaa pomoni. Bonyeza chini ya kitovu, utakuta uvimbe wa mviringo, na uso utakujibu. Mpira wa mkojo hapo ni dawa ya maumivu iliyo bora kuliko sindano yoyote. Mtego wa pili ni choo kigumu. Mzee anayekula kidogo, anayekunywa maji kidogo na asiyetembea huziba, na choo chepesi huvuja pembeni mwa kile kigumu. Nyumbani wanasema anaharisha, wanampa dawa ya kufunga tumbo, na mateso yanazidi. Kidole chenye glavu humaliza ubishi.

Kwenye viungo, tazama nyonga na magoti, na bonyeza mfupa mmoja mmoja wa uti wa mgongo. Kwa bibi mwenye mifupa iliyopungua nguvu, pingili huweza kuvunjika kwa kukaa kwa kishindo tu. Tazama sehemu zote zinazolaliwa: visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo, nyuma ya kichwa. Mwisho, vua soksi. Miguuni nimekuta funza, kucha zilizoingia nyamani, vidonda vya kisukari, na wakati wa baridi nimekuta majeraha ya moto kwenye miundi ya wazee waliosogezwa karibu na jiko ili wapate joto, wakaachwa hapo. Msimu wa kuchuma kahawa hukutana na miezi hii ya baridi, na nyumba nyingi Umatengo hubaki na mzee na watoto wadogo kuanzia asubuhi hadi jioni. Simlaumu mtu. Lakini tabibu akijua kalenda ya shamba atauliza swali zuri zaidi.

Kutibu ili kujua

Ukikuta chanzo, kitibu. Usipokikuta na alama ziko juu, jaribu dawa ya maumivu kwa utaratibu, kisha upime tena. Jaribio la namna hii lilifanyika kwa upana nchini Norwei na kuchapishwa mwaka 2011. Wakazi 352 wa nyumba 18 za kulelea wazee, wenye demensia na tabia za ghasia, waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilitibiwa maumivu kwa hatua kwa muda wa wiki 8, jingine likaendelea na matunzo ya kawaida. Kundi lililotibiwa lilipungukiwa na ghasia kwa asilimia 17 likilinganishwa na jingine, na dawa waliyopewa wengi wao ilikuwa parasetamoli tu. Dawa iliposimamishwa, ghasia zilirudi. Hii ni parasetamoli ile ile iliyomo katika duka la dawa la Mbamba Bay.

Mzee mwenye kilo 50 au zaidi aweza kupewa vidonge 2 vya miligramu 500 mara 3 kwa siku, yaani gramu 3, wala isizidi hapo. Aliye chini ya uzito huo, aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe wa siku nyingi apewe kidonge 1 kwa kila dozi, na kwa siku isizidi gramu 2. Hakikisha hapewi wakati huohuo dawa za mafua zenye parasetamoli ndani yake. Kidonge cha kawaida kinaweza kusagwa na kutiwa katika uji mdogo. Jambo linalosahauliwa sana ni saa: usiandike "akiumwa apewe". Huyu hawezi kuomba. Apewe kwa saa maalumu, na dozi ya asubuhi itangulie kuoga kwa saa 1 hivi. Jaribio liende siku 3 hadi 7, na mwogeshaji aandike alama zake katika daftari kila siku.

Nawaonya wenzangu wa zahanati juu ya diklofenaki. Inapatikana kirahisi na wagonjwa wanaipenda kwa kuwa inafanya kazi upesi, lakini kwa mzee huleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu na huuelemea moyo. Mzee asiyesema hatakuambia kwamba tumbo linachoma; utaona choo cheusi, na umechelewa. Tramadoli nayo huweza kumchanganya akili na kumletea degedege. Maumivu makali, kama ya saratani au ya mfupa uliovunjika, yanahitaji mofini, na mofini ya maji ipo katika hospitali zenye huduma ya tiba shufaa zilizoruhusiwa kuitoa. Mzee huanzishwa kwa dozi ndogo sana, kwa mfano miligramu 2.5 kwa mdomo, na daktari aliyefundishwa, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Dawa za kutuliza akili zina mahali pake, ila si hapa mwanzoni. Humfanya mzee aanguke, asimeze vizuri, asigeuke kitandani, na zaidi ya yote humwondolea ile lugha moja aliyobaki nayo. Haziondoi maumivu hata kidogo. Nyumbani, mambo madogo husaidia: mto katikati ya magoti, kugeuzwa kila baada ya saa 2, maji ya uvuguvugu yaliyojaribiwa kwanza kwa kiwiko cha mwogeshaji, watu wawili badala ya mmoja wakati wa kumnyanyua, na wimbo wa kanisani alioujua tangu utoto.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa mzee aliyeacha kutembea ghafla, mwenye mguu uliofupika au kugeuka, aliyezuiliwa mkojo, mwenye homa, choo cheusi au kidonda chenye harufu, anayeshindwa kunywa, au ambaye alama zake hazijashuka chini ya 4 baada ya siku chache za dawa. Kwa walio mwambaoni ipo hospitali ya Mtakatifu Anna, Liuli; kwa walio milimani ipo Litembo na hospitali ya Mbinga; na mbele yao Peramiho na hospitali ya rufaa ya mkoa, Songea. Katika barua ya rufaa usiandike tu "demensia, ukali". Andika alivyokuwa kabla, kilichobadilika na tangu lini, alama za utulivu na za mwendo, kiungo kinachomfanya alie, dawa alizopewa na saa zake, lugha anayoelewa, na jina na simu ya anayemwogesha.

Barua ya mzee yule, nilipoiandika siku ile ya 9, ilikuwa na mistari minne, na mitatu kati yake ilikuwa maneno ya mjukuu.